Walijua Lori Halitafika

Ninyi vijana mnaoandika habari za maisha yenu na kuniletea hapa kijijini Daudi nizisome, nawaambieni mapema: nina hasira. Si hasira ya uzee. Uzee wangu umekaa kwenye magoti, haujafika mdomoni. Hasira hii ilianza nikiwa bado napanda mlima bila fimbo, na kila mnaponiletea mswada unaoanza na "Sikujua kwamba siku ile ingebadilisha maisha yangu milele," inavimba upya kama jipu.

Juzi nimeupata mwingine. Nikauweka mezani, nikaenda kuwanywesha ng'ombe, nikarudi, ile sentensi bado ipo. Hukujua? Sawa. Hata ng'ombe wangu hajui kesho kuna nini. Lakini wewe unayeandika leo unajua, na msomaji anajua kwamba unajua. Sasa kwa nini unamchezea kama mtoto anayefichiwa andazi nyuma ya mgongo?

Jina langu Yasinta. Nilihariri maandishi ya watu Mbulu mjini tangu enzi za taipureta mpaka kompyuta ilipoingia na kuninyang'anya mkasi. Shikamoo zenu nazipokea kwa moyo, marahaba. Lakini nikishaanza kusoma kazi yako usitarajie bibi. Tarajia mhariri.

Serikali ilipolegeza mambo na kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara, Mbulu ilishikwa na wazimu. Muuza maharage alinunua mashine ya kusaga, mwenye mashine ya kusaga akanunua lori, mwenye lori akaanza kuvaa miwani ya jua hata siku za ukungu. Bwana Melkiori, aliyekuwa karani serikalini, yeye alifungua uchapaji. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na ukiingia hukujua kama unanusa wino au dawa ya kuogeshea mifugo. Tulichapa kadi za harusi, mitihani ya shule na nyimbo za kwaya. Kisha wakaanza kuja watu wenye daftari kwapani: makatekista, wakunga, askari wastaafu. Walitaka wajukuu wao wajue walikotoka, na mimi nikawa mtu wa kuyanyoosha maneno yao.

Aliyenifundisha ni Mzee Boay. Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye gazeti la vijijini, na gazeti lilipokufa alirudi nyumbani na mkasi tu. Kazi yake ilikuwa hivi: mswada ukishapigwa taipu, anaukata vipande vipande, aya kwa aya, anavitandaza mezani, kisha anaanza kuvihamisha kama mtu anayecheza bao peke yake. Akiridhika anavibandika kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Panya waliipenda sana gundi ile. Walikula sura nzima ya askari mmoja mstaafu, na yule mzee akalazimika kurudi na kupigana vita vyake upya. Safari ya pili alishinda haraka zaidi.

Kazi yangu ya kwanza ya kumbukumbu ilikuwa ya mzee mmoja wa huku huku Daudi ambaye fisi alimla ndama wake. Mimi sura ile niliipa kichwa cha habari "Jinsi Fisi Alivyomla Ndama Wangu." Nilipokuwa nampelekea Mzee Boay nikagutuka njiani. Nikajisemea, mama yangu, nimetoa mwisho wote kwenye kichwa cha habari, leo atanitupia mkasi.

Akasoma. Akasema, "Kichwa kiache."

"Lakini mzee, nimeshasema ndama analiwa."

"Umesema, vizuri. Sasa ndama mwenyewe yuko wapi?"

Sikuelewa.

"Umekimbilia fisi," akasema. "Fisi ana ukurasa mzima, ndama ana mstari mmoja. Ndama ana rangi gani? Alizoea kulala wapi? Nani alifunga zizi jioni ile, na alilifunga kwa kitu gani, kwa mti au kwa kamba? Msomaji akishajua fisi anakuja, usimwonyeshe fisi, binti. Mwonyeshe ndama."

Tukamwita yule mzee, akatueleza. Ndama alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso, na jioni ile watoto walikuwa wanamfundisha kunywa maziwa kwenye sufuria, anapiga chafya, wanacheka. Tukaviweka vipande vile mahali pake. Nikaisoma ile sura tena. Kila chafya ya yule ndama nilitaka kunyanyuka nikafunge mlango.

Ndivyo nilivyoelewa kile ambacho shuleni mnakiita taharuki. Mnafundishwa kwamba taharuki ni kumnyima msomaji habari. Kwenye hadithi ya kubuni labda, sijui, hiyo si kazi yangu. Kwenye kumbukumbu za maisha, mara nyingi watu wanajua mwisho kabla hujashika kalamu. Wewe mwenyewe upo hapa unaandika, kwa hiyo hukufa. Kijiji chako kinajua nani alizikwa. Unachoweza kufanya ni kumrudisha msomaji kwenye saa ambayo mambo yalikuwa bado hayajatokea, ukamkalisha pale, akaona kila mlango uliokuwa bado wazi.

Kuna binti mmoja wa Jorodom alikuja kwangu baada ya lile tope la Mlima Hanang lililoshuka Jumapili asubuhi na kufukia watu. Nani Manyara hajui lile tope? Yeye hakujaribu kulificha. Aliandika kwamba Jumamosi jioni mama yake alikuwa amenyoosha nguo ya kanisani na kuitundika mlangoni, akawagombeza wasiiguse kwa mikono yenye mafuta. Basi. Nikaacha kusoma, nikatoka nje nikavute hewa. Yule binti nilimwandalia chai mwenyewe, na wanaonifahamu wanajua kwamba chai yangu haipatikani ovyo.

Sasa nifike kwenye hasira yenyewe.

Marselina alikuwa mkulima wa vitunguu saumu, Endagikot. Miaka kadhaa kabla sijamfahamu alikuwa amepanda lori la mizigo pamoja na mdogo wake, Agnesta, kwenda mnadani huko bondeni. Dereva aliitwa Damiano. Kwenye mteremko wa Magara breki zilikufa. Damiano alilipigiza lori kwenye mwamba ili lisiingie korongoni, na alilipigiza upande wa kulia, upande aliokaa yeye. Watu wengi walipona, Marselina mmojawapo. Damiano alikufa. Agnesta, aliyekuwa amekaa juu ya magunia nyuma ya dereva kujikinga na upepo, alikufa pia.

Fikirieni mzigo aliokuwa anaubeba mama huyo. Mtu yule yule aliyemwokoa ndiye aliyechagua upande, na upande ule ulikuwa na mdogo wake. Hakumlaumu Damiano. Lakini pia hakuweza kulala. Ndiyo maana aliandika.

Alipoleta daftari lake alikaa ukingoni mwa benchi, kitenge kimefungwa vizuri, akasema, "Dada Yasinta, mimi nimeandika, lakini najiuliza. Nani atasoma? Wote Endagikot walizika."

Mzee Boay alikuwa dirishani, macho yameshaanza kumsumbua. Akageuka.

"Walizika, mama," akasema. "Lakini hawakupanda lile lori. Wapandishe."

Tukaanza kazi. Mwanzoni alikuwa ameandika kama watu wengi wanavyoandika jambo linalouma: haraka, apite. Lori liliondoka, breki zikafa, tukagonga. Katikati ya haraka ile kulikuwa na sentensi moja ndogo: "Dereva alisema tushuke lakini Agnesta hakuweza kutembea kwa sababu ya viatu."

Mzee Boay akaweka kidole hapo. "Viatu gani?"

Marselina akaitazama mikono yake. Nikadhani atanyanyuka aondoke.

"Vya mitumba," akasema. "Vya kahawia, vina kifungo pembeni. Vilikuwa vidogo. Muuzaji alimwambia vitaachia vikizoea mguu, na yeye akaamini kwa sababu alivipenda. Alitaka watu wa mnadani wamwone navyo."

"Na dereva alisema nini hasa?"

Hapo ndipo yote yakatoka. Tuliyaandika vile vile alivyoyasema, na sasa nawaeleza tulichofanya, kwa sababu ndiyo kazi na mnapaswa kuijua.

Kwanza, tulisema mwisho mapema. Ukurasa wa kwanza kabisa Marselina alieleza kwamba Agnesta na Damiano walikufa Magara, tena kwa maneno machache, bila kilio. Pili, tukarudi asubuhi, kwenye kibanda cha chai, kabla ya safari. Damiano alikunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati na kumlalamikia mama wa kibanda, akimuuliza sukari ameificha wapi. Msomaji anayejua kwamba yule mtu hatafika jioni, anasikia lalamiko la sukari kwa sikio lingine kabisa. Kisha tukapunguza mwendo. Kadiri lori lilivyokaribia mteremko ndivyo tulivyozidi kuandika polepole, mpaka pale juu, gari liliposimama, dakika chache zikachukua kurasa nyingi kuliko safari yote. Na mambo yalipoanza kwenda kasi, maneno tukayapunguza. Hakuna "ghafla." Hakuna alama za mshangao tatu tatu kama mizinga ya nyuki imepangwa mtini. Breki zilinuka. Damiano alipiga honi. Hakuiachia.

Sura ile ilituchukua msimu mzima wa mvua. Ilipokamilika, Marselina aliisikiliza nikimsomea, akasema tu, "Ndiyo. Tulikuwa pale." Sijawahi kupata sifa nyingine ninayoithamini kama hiyo.

Wakati huo huo Bwana Melkiori alikuwa anahangaika. Mkoa wa Arusha ulikuwa umegawanywa, sisi tumekuwa Manyara, makao makuu Babati. Yeye aliona kila ofisi mpya ni duka lake. "Mkoa mpya unataka vitabu vyake," alikuwa anasema, anapiga meza. Mzee Boay alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho. Kompyuta moja ilikuwa imefika, na sura za Marselina zote zilikuwa ndani ya disketi.

Bwana Melkiori aliichukua ile disketi kwenda nayo Arusha kuchapisha. "Nitakinyoosha kidogo njiani," akaniambia.

"Kimeshanyooka," nikamwambia.

"Yasinta, wewe unajua kuhariri. Mimi najua soko."

Maboksi ya vitabu yalipofika, yeye akatoka kwenda kusambaza, mimi nikafungua boksi moja, nikakaa juu ya lingine, nikasoma. Nikafika sura ya tatu nikarudi ukurasa wa kwanza.

Kifo cha Agnesta kilikuwa kimeondolewa mwanzoni. Agnesta alikuwa anacheka kitabu kizima, anasema atazeeka na wajukuu, ili ukurasa wa mwisho msomaji apigwe na kifo chake kama kofi. Kurasa za viatu, zile za kusimama juu ya mlima, zilikuwa zimefutwa zote. Na chai haikuwepo. Badala ya kikombe cha bati kulikuwa na chupa chini ya kiti cha dereva. "Niliona kitu kikimeta chini ya kiti chake," Marselina wa kitabuni alikuwa anasema, Marselina ambaye hakuwahi kusema hivyo. Kila sura iliishia na ile chupa. Chupa inagongana na chuma. Dereva anainama kama anatafuta kitu. Macho ya dereva mekundu. Sikujua kwamba. Sikujua kwamba. Sikujua kwamba.

Bwana Melkiori alirudi jioni, anapiga mluzi. Nilikuwa nimemsubiri na kitabu mkononi.

"Damiano alikunywa chai," nikasema.

"Nani?"

"Dereva. Alikunywa chai. Marselina alikuwa amekaa naye meza moja."

Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Yasinta, sijaandika popote kwamba alilewa. Soma vizuri. Nimeandika chupa tu. Inaweza kuwa ya maji."

"Basi andika ya maji."

"Ya maji nani atageuza ukurasa?"

Nikamuuliza kwa nini amefuta viatu. Akasema pale hakuna kinachotokea, watu wamesimama tu juu ya mlima wanatazama viatu. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kanisa, lakini siku ile nilielewa kwa nini watu hurusha vitu.

Wiki hiyo hiyo alikuja Theresia. Ni mjane wa Damiano. Sikuwa namfahamu kwa sura. Aliingia na kitabu kimefungwa kwenye khanga kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja. Akatusalimia vizuri, habari za kazi, habari za nyumbani, akakaribishwa, akakataa kukaa.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Nani kati yenu alimwona mume wangu akinywa?"

Bwana Melkiori akavaa sauti ya ofisini. "Mama, pole sana. Lakini ukisoma utaona hatujasema alikunywa. Tumesema kulikuwa na chupa. Mengine ni msomaji mwenyewe anayefikiri."

"Na wewe ulitaka afikiri nini?"

Nje mtu alikuwa anashusha mabati.

"Mimi sisomi vizuri," Theresia akaendelea. "Mwanangu ndiye alinisomea. Anatafuta kazi ya utingo. Jana mwenye lori amemwambia, nyie ni damu ya mlevi, imeandikwa. Nimekaa na Damiano miaka yote ile. Sikukuu alikunywa, kama wanaume wengine. Safari hakunywa. Sasa mimi nitamjibu nani? Kitabu kina mdomo lakini hakina masikio."

Bwana Melkiori akasema hii inaitwa taharuki, ni mbinu ya fasihi, hata shuleni inafundishwa. Alimwambia hivyo mjane. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mbinu ya fasihi.

Sasa mnajua kwa nini nawafokea. Mkiniambia, bibi, nimeongeza kidogo tu ili kuwe na mvutano, mimi simwoni msomaji wenu wa kwenye simu anayebonyeza kwa vidole gumba. Namwona Theresia na kile kifurushi cha khanga. Ukiwa huna mvutano kwenye kumbukumbu zako, rudi ukakumbuke vizuri, kwa sababu maisha ya mtu hayakosi. Pale ulipoandika haraka ndipo mvutano ulipo. Anayeongeza chupa ni mvivu. Yeye hakuweza kukaa na viatu.

Theresia alipoondoka nilifungua droo yangu, nikachukua daftari la Marselina, lile aliloandika kwa mkono wake, pamoja na zile kurasa za taipu nilizosahihisha kabla ya kompyuta, nikaenda Endagikot kwa miguu. Marselina alikuwa anamenya vitunguu barazani. Kitabu alikuwa hajakiona. Bwana Melkiori alikuwa amemwahidi nakala yake siku ya uzinduzi, mbele ya wageni, apigwe picha.

Nilimsomea pale pale. Nilipofika kwenye chupa aliacha kumenya.

"Mimi nimesema hivi?"

"Hukusema."

"Jina langu liko juu?"

"Liko."

Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Akauliza kama Theresia anajua. Nikamwambia anajua. Hakulia. Alisema, "Nipe zile kurasa za viatu."

Uzinduzi ulifanyika kwenye darasa la shule, Endagikot. Madawati yalijaa. Wageni wa Babati walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa, na wanawake wa vitunguu nyuma. Theresia alikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango, na watu walikuwa wameacha nafasi kila upande wake. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye nafasi moja. Bwana Melkiori aliongea sana, akasema ni kitabu cha kusisimua, huwezi kukiweka chini. Kisha akamwita mwandishi asome.

Marselina akasimama. Kile kitabu alichopewa akakiweka juu ya meza, kifudifudi. Akatoa kurasa zake kifuani.

"Hicho kitabu kimeandikwa jina langu," akasema, "lakini kuna maneno si yangu. Mimi nitasoma yangu."

Bwana Melkiori akanyanyuka nusu. Mgeni mmoja akamwonyesha kwa mkono akae, akadhani ni sehemu ya sherehe. Marselina akaanza na chai. Kikombe cha bati, lalamiko la sukari. Watu wakacheka kidogo, kwa sababu walimkumbuka Damiano na sukari yake. Kisha akawapandisha mlima. Nitawapa kipande, kwa sababu nimekihifadhi:

"Damiano alisimamisha gari juu kabisa, pale ambapo ziwa linaonekana chini. Akashuka. Akaweka kiganja kwenye tairi la mbele, akakiondoa, akakiweka tena. Akasema, 'Wamelijaza mno hili gari. Anayeweza kutembea ashuke, nitamsubiri chini.' Mtu wa mwenye mzigo akamwambia mnada utafungwa. Damiano akasema, 'Nimesema ashuke.' Wakashuka wanaume wawili watatu na akina mama waliokaa nyuma. Agnesta akavitazama viatu vyake. Na mimi nikavitazama. Akasema, 'Nikivivua, mawe yataniumiza. Nikivivaa, sifiki.' Nikamwambia, basi tukae. Walioshuka walianza kuteremka wakituaga kwa utani, wakisema tutakula nyama yote kabla yao. Damiano aliwaangalia wakienda. Alikuwa bado amesimama chini."

Katika darasa lile hakuna aliyekuwa hajui. Waliochimba makaburi walikuwemo. Waliotembea kwa miguu siku ile na kuponea kwa viatu vyao vizuri walikuwemo. Lakini nilimwona mama mmoja mbele yangu ameshika dawati kama mtu aliyepanda gari. Mzee mmoja alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anakataa. Mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo. Wote walijua lori halitafika, na wote walikuwa wanalisukuma lifike.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kisha mtu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kwa hiyo alishuka." Na mwingine, "Alituambia tushuke. Mimi nilishuka." Na wa tatu akasema neno kuhusu ile chupa ambalo sitaliandika.

Msidhani mambo yaliisha kama kwenye igizo la shule. Bwana Melkiori hakuomba radhi, si kwa Marselina wala kwa Theresia. Aliyapakia maboksi yake akaenda kuuza vitabu Babati na Katesh, ambako watu hawakuwa wamemsikia Marselina, na viliuzwa. Nilipomkabili alisema ugomvi ule umekitangaza bure. Niliacha kazi siku hiyo. Mtoto wa Theresia alipata utingo, kwa mwenye lori mmoja aliyekuwepo darasani, lakini nakala za kile kitabu bado zinazunguka. Si muda mrefu nimeiona moja kwa mwanafunzi, kwenye kituo cha basi, Babati. Nilimwuliza kupitia dirisha la basi kikoje. Akaniambia, "Bibi, kizuri, kuna dereva mlevi." Nilishuka kwenye basi ambalo nilikuwa nimeshalipanda ili nimweleze. Sijui kama aliniamini. Kurasa za Marselina hazijawahi kuchapishwa. Aliyekuwa na mashine ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na hilo sitalisamehe mpaka nife.

Lakini kuna jambo moja la siku ile ya uzinduzi ambalo wageni wa Babati hawakuliona, kwa sababu walikuwa wameshaitwa kula. Darasa lilikuwa linaondoka, watu wanafuata harufu ya pilau. Theresia hakutoka. Alitembea mpaka mbele, akasimama karibu na Marselina. Walikuwa hawajawahi kuongea tangu mazishi. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake, huyu kwa sababu ya mume, yule kwa sababu ya mdogo wake.

"Aliligusa tairi?" Theresia akauliza.

"Aliligusa."

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba alishuka." Akavuta benchi la watoto, akakaa, magoti juu. "Nisomee tena. Kuanzia pale anaposhuka."

Marselina akanitazama. Kisha akazipanga kurasa zake, akasoma tena, kwa mtu mmoja, polepole kuliko mwanzo. Tairi. Kiganja. Viatu. Watu wanaoteremka wakitania. Damiano amesimama chini, anawaangalia wakienda. Mlango wa lori ulikuwa haufungi vizuri, akaufungua, akapangusa kiti kwa mkono. Akaweka mguu kwenye ngazi.

Theresia alikuwa amemwinamia Marselina, mikono yote miwili imeshika ukingo wa benchi.

"Usipande," akasema, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mke anayeongea na mumewe mlangoni. "Usipande."